Kipupwe katika Vilima vya Matumbi

Mtu akitaja Kilwa, wengi wetu tunaona bahari. Tunaona magofu ya Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu wa kale na jumba la Husuni Kubwa, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Tunaona pweza, nazi na majahazi. Ni wachache wanaojua kwamba wilaya hiyohiyo ina vilima, na kwamba huko juu, mwezi wa Julai, mama hutoka nje alfajiri amejifunga kanga mbili, na mtoto mgongoni amevikwa sweta.

Ni vilima vya Matumbi, kaskazini-magharibi ya Kilwa Kivinje. Havitishi kwa urefu, kwani havifiki hata mita 1,000, lakini vimekaa vimebanana, kimoja nyuma ya kingine, na kati yao mna mabonde yenye vijito, michungwa na mashamba ya mihogo. Ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya Kusini, unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unapita Somanga, na pale Njia Nne unaiacha barabara kuu na kuingia ile ya Kipatimu. Wazee wetu waliosafiri kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 wanakikumbuka kivuko cha Ndundu, na jinsi watu walivyolala ng'ambo na watoto na kuku wao wakingoja zamu. Siku hizi dereva anavuka huku akila karanga.

Tulikuwa akina mama tisa wa kanisa moja la Dar es Salaam. Mume wa mmoja wetu aliuliza tunakwenda porini kufanya nini, kama kuni si zinauzwa hapo kona. Swali lake lilituchekesha sana ndani ya gari, lakini kesho yake, kule juu, tuliulizwa tena swali hilohilo na watu ambao hawakuwa wakitania.

Nandete

Jioni ya siku ya kufika tulipelekwa Nandete. Huyu ni kijiji cha kawaida kwa macho: nyumba, miembe, kuku, watoto wanaokimbilia gari. Pana mnara wa kumbukumbu, kwa sababu hapa, mwezi wa Julai mwaka 1905, ndipo vita vya Maji Maji vilipoanzia.

Sote tuliisoma habari hiyo shuleni, na wengi tuliisoma tena katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imewalazimisha watu kulima pamba. Mwanamume alipochukuliwa kwenda shamba la pamba, shamba lake la chakula lilibaki na mkewe na watoto, na yeyote aliyewahi kulima kando ya msitu anajua maana yake: nguruwe usiku, ngedere mchana. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiwapa watu maji ya dawa, na kuwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Watu walimwendea kwa makundi. Kisha watu wa Nandete hawakungoja zaidi. Masimulizi yaliyokusanywa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe katika miaka ya 1960 yanawataja kwa majina wawili waliong'oa miche ya kwanza ya pamba, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Kung'oa pamba ndiko kulikokuwa kutangaza vita. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa mapema, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini moto uliendelea kuenea hadi Liwale, Songea na Mahenge.

Pale kwenye mnara, mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu wa shule ya Jumapili alikataa kupiga picha. Alisema hawezi kusimama na kutabasamu mbele ya kumbukumbu ya waganga. Watoto wake wa Jumapili, alisema, kila siku anawaambia wasivae hirizi. Atawaonyeshaje picha hii? Halafu akaongeza jambo ambalo wengine tulikuwa tumelisahau. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo, askofu wa Kikatoliki Cassian Spiss, aliyekuwa akisafiri kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Masista hao waliitwa Felicitas na Cordula. "Wale nao walikuwa watoto wa mtu," alisema.

Mwingine akamjibu kwamba Naamani jemadari wa Shamu naye alikwenda kutafuta maji. Mwalimu akasema Naamani aliagizwa na nabii wa Mungu wa kweli. Ndiyo, akasema yule mwingine, lakini hakujua hayo alipokuwa njiani. Alichojua ni kwamba anaumwa. Basi ubishi ukaanza, na ulitufuata hadi kitandani Kipatimu, na kesho yake ulipanda vilima pamoja nasi.

Njia yenyewe

Kipupwe ndiyo majira ya kutembea huku. Masika imekwisha, njia zimekauka, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini na jua halichomi. Asubuhi ukungu unajaza mabonde hivi kwamba vilele tu ndivyo vinavyoonekana, kama visiwa. Sitaki kumdanganya msomaji wa Njombe au Makete: baridi ya Matumbi kwenu ni joto. Lakini sisi wa pwani, saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tukishika vikombe vya chai kwa mikono miwili.

Kwanza tulipita ofisi ya kijiji, kama inavyopasa, kwa sababu mgeni haingii msituni bila wenyeji kujua. Tuliulizia pia habari za tembo, maana kutoka hifadhi za magharibi hushuka mara kwa mara hadi mashambani, na hapo hakuna mzaha. Tukaambiwa upande wetu ni salama. Tukapewa kijana wa kutangulia, na pamoja naye bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amevaa ndala, kanga moja kiunoni na nyingine begani. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, wanangu," akatutazama miguu mmoja mmoja. Viatu vyetu vya raba vilimfurahisha. Yeye ni Mwislamu, kama walivyo watu wengi wa Kilwa, na alipoona tumeinamisha vichwa kuomba kabla ya safari, alisimama kando kwa heshima na kusema "Amina" pamoja nasi.

Njia inaanza katikati ya michungwa na migomba, kisha inapanda. Kwa nusu saa ya kwanza umande ulitulowesha hadi magotini, kwa kuwa nyasi bado ni ndefu wakati huo na hazijachomwa. Baadaye mashamba yanaisha na miti inakuwa ya msitu hasa. Mimea mingi ya huku hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kwa hiyo mwezi wa Julai unatembea juu ya majani makavu yanayolia kama karatasi, na mwanga unaingia hadi chini. Kijana alituonyesha mkongo, mninga na mpingo. Mpingo ulitushangaza. Sote tuna vinyago vya mpingo sebuleni, lakini mti wenyewe umesimama pale mwembamba, umepinda, una miiba, na usingedhani una thamani yoyote. Hukaa miaka sabini na zaidi kabla haujafaa kukatwa. Yaani anayeupanda leo anaupandia wajukuu.

Nitoe onyo kwa anayekusudia kwenda: upupu. Katika kipupwe maganda yake yamekauka, na upepo ukiyatikisa, unga wake unaruka. Ukikuingia shingoni utajikuna mpaka ulie, na maji yanazidisha. Bibi alitufundisha kufunga kanga kichwani na kuiteremsha hadi mabegani, na mara mbili alitusimamisha na kututaka tuzunguke, bila kueleza sababu mpaka tulipokwisha pita. Vaeni nguo za mikono mirefu, chukueni maji ya kunywa ya kutosha na tochi yenye betri mpya. Miavuli iacheni nyumbani. Mwenzetu mmoja alibeba wake kilima kizima na haukumsaidia kitu.

Kwenye mwinuko wa pili tulikutana na akina mama watatu wanaoshuka na kuni. Mizigo ilikuwa mirefu kuliko wao wenyewe, imetulia juu ya kata za majani ya migomba, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Tulisimama pembeni kuwapisha. Walimsalimu bibi, wakatusalimu sisi, kisha yule wa mwisho akauliza tunakwenda wapi.

"Tunatembea," nikasema.

"Mnatembea mnakwenda wapi?"

"Tunatembea tu. Tutafika pangoni, halafu tutarudi."

Alimtazama bibi kama anayetaka kujua kama tumekunywa kitu. Bibi akasema, "Wanatembea tu," na wote wanne wakacheka kwa furaha kabisa, mizigo isitikisike hata kidogo. Waliendelea kushuka, na kicheko chao tulikisikia mpaka kwenye kona ya chini.

Nimekifikiria kicheko kile. Kati yetu tisa, sita tulikulia vijijini na tuliwahi kubeba kuni kama wale. Njia ya msitu kwetu ilikuwa na maana mbili tu, kwenda mtupu na kurudi na mzigo. Kutembea bila mzigo ni kitu ambacho mama wa Kiafrika hakufundishwa, na ukikifanya, unajisikia kama umeiba saa ya mtu. Mimi nasema tukifanye, hata mara moja kwa mwaka. Lakini nasema pia kwamba yule mama mwenye mtoto mgongoni angefaa kupumzika kabla yangu, na sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kumpisha njia.

Pangoni

Vilima vya Matumbi vina mawe ya chokaa, na maji ya maelfu ya miaka yameyatoboa kuwa mapango. Mashuhuri zaidi ni pango la Nang'oma. Ukifika hulioni mpaka uwe juu yake. Unaona miti mikubwa imejikusanya mahali pamoja, kisha ardhi inafunguka, na hewa ya ubaridi inakugusa uso. Ndani mnanuka popo. Wako wengi mno, na ukimulika tochi juu, dari lote linatikisika. Sakafu ina utelezi. Wawili kati yetu walibaki mlangoni wakisema wameona vya kutosha, nami siwalaumu.

Wazee wa Matumbi husimulia kwamba katika vita vya Maji Maji watu walijificha humu na familia zao. Bibi naye alisimuliwa hivyo na bibi yake, ambaye wakati wa vita alikuwa msichana mdogo. Hakutusimulia habari za mashujaa. Alituonyesha sehemu kavu ya pango, akasema akina mama walikaa huku kwa ndani na wanaume kule kwa nje, na kwamba kazi ya mama ilikuwa moja, mtoto asilie. Mtoto akitaka kulia anapewa ziwa. Ziwa likiwa halina kitu anapewa tu, anyamaze.

Hapo mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, aliyekuwa kimya tangu mwinuko wa pili, alimkumbuka Obadia, yule msimamizi wa nyumba ya Ahabu aliyewaficha manabii mia moja wa Bwana mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Akauliza kwa sauti ya chini, lakini pangoni kila kitu kinasikika: "Na hawa, aliwalisha nani?"

Ni swali zuri kuliko yale tuliyobishania jana yake. Risasi ziliwaua watu wengi katika vita vile, lakini njaa iliua wengi zaidi. Majeshi ya Kijerumani yalipoona hayawezi kuwakamata watu waliotawanyika misituni, yalichoma vijiji, yalichukua au kuchoma vyakula ghalani na kuharibu mashamba. Vita viliendelea hapa na pale hadi mwaka 1907. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa ya watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Anayejua kupika atanielewa nikisema kwamba hesabu hiyo ni ya watu ambao mtu fulani alishindwa kuwapikia. Hawakufa siku moja vitani. Walikufa jioni baada ya jioni, mbele ya mama aliyekwisha kukung'uta kibuyu cha mwisho.

Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Jambo jema. Lakini kule Songea kuna makumbusho, na majina ya walionyongwa yanajulikana. Hawa wa pangoni, waliomnyonyesha mtoto ziwa tupu, hawana orodha popote.

Ndiga

Tulitoka pangoni tukakaa juani, tukafungua vyakula vyetu: mikate, mayai ya kuchemsha, chai ya chupa. Bibi alikubali yai moja. Kisha akainuka, akaingia vichakani hatua chache, akarudi ameshika mtambaa uliokauka, wenye majani ya matatu matatu. Akasema huu ndio uliowalisha.

Ni ndiga, kiazi cha porini. Kinakua chenyewe, hakichomwi na askari kwa sababu kiko chini ya ardhi, na askari hakijui. Lakini kina sumu. Mtu akikila kama anavyokula kiazi kikuu cha shambani atalewa, atatapika, na anaweza kufa. Ili kiwe chakula kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinalowekwa katika maji ya mto yanayotembea kwa siku kadhaa, kinaoshwa tena na tena, kinaanikwa, ndipo kinatwangwa kuwa unga. Bibi aliutaja mpango wote huu kwa mikono, huku akimenya, akikata na kuosha hewani, nasi tukimfuata kama wasichana wa darasa la nne.

Mama msomaji, fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, usome habari ya njaa ya Gilgali. Mtu mmoja alikwenda shambani kuchuma mboga, akarudi na matango ya porini asiyoyajua, akayakatia sufuriani, na wenzake walipoonja wakapiga kelele. Elisha akatia unga, chakula kikawa salama. Nimesikia mahubiri mengi juu ya muujiza ule. Sijawahi kusikia mhubiri akisema kwamba katika kila njaa kuna watu wanaokwenda porini namna hiyo, na kwamba mahali pasipo na Elisha mtoto anapona au hapati kupona kufuatana na mama yake anajua nini. Wale wa Matumbi walijua. Ujuzi ule ulipatikana kwa uchungu, kwa sababu ni dhahiri kwamba mtu wa kwanza aliyeula ule mzizi hakuulowesha siku tatu.

Nikamuuliza bibi kama binti zake wanajua kuandaa ndiga. Alisema mmoja anajua kidogo. Wajukuu hawajui, wako Dar es Salaam na Somanga, na njaa ikija siku hizi watu wanangoja mahindi ya serikali. Hakusema kwa kulalamika. Alisema ndiga si chakula kitamu, na hakuna mtu mwenye akili atakayekila akiwa na muhogo.

Hapo ubishi wetu wa Nandete uligeuka. Nitaeleza ninavyoona mimi, na ninajua wako wasomaji ambao hawatakubali. Dawa ya Kinjikitile haikuzuia risasi, na mama Mkristo hana sababu ya kumficha mtoto wake ukweli huo, wala ya kuwaficha masista Felicitas na Cordula, waliokufa bila kumdhulumu mtu. Lakini tukimwambia mtoto kwamba babu zetu walikuwa wajinga walioamini maji, halafu tukanyamaza, tumemwambia uongo kwa kukata habari katikati. Hatukumwambia habari ya pamba. Hatukumwambia ni nani aliyechoma maghala. Na juu ya yote hatukumwambia kwamba upande uleule wa msitu ambako wanaume walinyunyiziwa maji yasiyosaidia, wanawake walikuwa wakitumia maji mengine, ya mto, kuondoa sumu katika kiazi ili watoto wasife, na maji hayo yalisaidia. Mimi nimezaliwa na mtu aliyezaliwa na mtu aliyeponea njaa kama ile. Karibu kila mtu wa Kusini anaweza kusema hivyo.

Mwalimu wetu alisema atafikiri. Alisema pia kwamba hata hivyo hatapiga picha kwenye mnara, na hakuna aliyemshurutisha.

Kushuka

Tulirudi kwa njia nyingine, inayopita ukingoni, na kutoka hapo kijana alituonyesha upande wa Kibata. Huko nako kulipiganwa, katika vita vikuu vya kwanza, Desemba 1916 na Januari 1917. Wajerumani walikokota hadi juu ya vilima hivi mzinga wa manowari yao Königsberg iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, na upande wa Waingereza walipigana askari kutoka India na kutoka nchi ambayo leo ni Ghana. Nilijiuliza ni nani aliyebeba risasi za mzinga ule kupanda njia kama hii, na nani aliyebaki kulima shamba lake. Hilo lingetaka makala nyingine.

Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Wenye umri wangu watafute fimbo tangu asubuhi, wasingoje kuona aibu imekwisha. Tulifika mashambani jua likielekea kuzama, ukungu ukianza tena kuinuka bondeni, na moshi wa majiko ukinyooka juu ya mapaa.

Nyumbani kwa bibi tuliketishwa kwenye mkeka na kuletewa machungwa katika ungo, mengi mno, yale ya Matumbi yenye ganda la kijani na maji matamu. Pembeni ya nyumba, juu ya gunia, vilikuwa vimeanikwa vipande vyeupe vikavu. Mwalimu wa shule ya Jumapili ndiye aliyeviona. Akauliza kama ni muhogo. Bibi akasema ni ndiga. Huiandaa kidogo kila kipupwe ili mikono isisahau.

Mwalimu akaomba apewe vipande vichache akawaonyeshe watoto wake wa Jumapili. Bibi akakataa, kwa upole lakini pasipo kubembelezeka. Alisema hampi mtu kitu hiki akaondoka nacho. Mtoto anaweza kukila, na tena hivi vilikuwa bado havijamaliza kuoshwa. Anayetaka ndiga aje alale hapa siku nne, achimbe mwenyewe, amenye mwenyewe na aende mtoni mwenyewe, na aje na binti zake.

"Siku nne?" mwalimu akauliza.

"Tano, kama mto umepungua."

Tukiwa garini kuelekea Njia Nne, machungwa yakiviringika miguuni petu kila dereva alipokata kona, nilimsikia nyuma akiwauliza wenzake shule zinafungwa tarehe ngapi mwezi wa Juni.